Skrini Halali na Skrini Haramu: Mwongozo Kamili kwa Waamuzi wa Mpira wa Kikapu

Mlinzi anayekimbia kwa kasi akagonga kifua cha mchezaji aliyesimama tuli huanguka kwa kishindo, na ndani ya ukumbi wa Nyayo kishindo hicho husikika hadi safu ya nyuma ya viti. Benchi la timu yake husimama, kocha hutandaza mikono, na mwamuzi mchanga huinua ngumi hewani kwa kuamini kwamba mgongano mkubwa namna hiyo hauwezi kupita bila faulo. Mara nyingi faulo haipo, na ikiwapo huwa ni ya yule aliyeanguka. Ilhali mguso mwepesi wa nyonga, ambao hakuna mtazamaji aliyeuona, huenda ndio uliomwacha mrushaji peke yake kwenye kona, na huo ndio uliostahili filimbi.

Uzito wa mgongano si ushahidi. Uamuzi wa skrini, yaani mchezaji kusimama katika njia ya mlinzi ili kumzuia, hutokana na mambo yaliyoutangulia mgongano: mwekaji skrini alifika lini, alisimama umbali gani kutoka kwa mlinzi, mlinzi mwenyewe alikuwa amesimama au anakwenda, na miili yao ilikuwa katika umbo gani walipogusana. Mwamuzi ambaye macho yake yamefika pale pamoja na sauti ya mgongano amechelewa, na lolote atakaloamua baada ya hapo ni kubahatisha.

Mwongozo huu unafuata sheria za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, ambazo ndizo zinazochezewa katika mashindano ya Shirikisho la Mpira wa Kikapu la Kenya, na kifungu kinachohusika ni cha 33. Mashabiki wengi wa Nairobi hukesha wakitazama ligi ya NBA ya Marekani, ambayo ina kitabu chake cha sheria na desturi zake za kuchezesha, kisha mwisho wa juma huja uwanjani wakidai kwamba walichokiona usiku kwenye runinga ndicho kinachopaswa kuamuliwa mchana. Mwamuzi hana haja ya kubishana nao, bali anahitaji kukijua vyema kitabu anachokitumia. Nairobi City Thunder waliposhiriki Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika mwaka 2025 walichezeshwa kwa sheria za FIBA, na mchezaji aliyezoea kuachiliwa skrini za kutembea nyumbani hulipia mazoea hayo kwa faulo anapotoka nje.

Sheria inasema nini

Kwa mujibu wa sheria, skrini ni jaribio la kumchelewesha au kumzuia mpinzani asiye na mpira asifike mahali anapotaka kufika uwanjani. Maneno "asiye na mpira" yanastahili kusomwa mara mbili. Mlinzi anayemkaba mdundaji hana mpira mkononi, kwa hiyo naye analindwa na masharti ya skrini kama mlinzi mwingine yeyote. Wapo makocha wanaodai kwamba umbali hauhesabiwi kwa sababu mchezo uko kwenye mpira. Hao wanachanganya mambo mawili tofauti: mchezaji mwenye mpira hukabwa bila kuzingatia muda na umbali, kwa kuwa hutarajiwa kuwa tayari kukabwa wakati wowote, lakini aliye na mpira ni mshambuliaji, na mlinzi wake hahusiki na kanuni hiyo.

Skrini ni halali endapo mwekaji wake ametulia ndani ya silinda yake, na nyayo zake zote mbili ziko sakafuni, wakati mgusano unapotokea. Silinda ni nafasi ya kufikirika inayomzunguka mchezaji, mfano wa pipa lisiloonekana: mbele linaishia kwenye viganja vya mikono, nyuma kwenye makalio, na pembeni kwenye kingo za nje za mikono na miguu. Mikono inaweza kuwa mbele ya kiwiliwili mradi isipite usawa wa nyayo na magoti, viwiko vikiwa vimekunjwa na vigasha vimeinuliwa. Upana wa miguu unapaswa kulingana na kimo cha mchezaji, na kwa sababu hiyo mchezaji mrefu ana haki ya kusimama kwa upana kidogo kuliko mfupi, ingawa hakuna kimo kinachomruhusu mtu kupanua miguu hadi aonekane anapanda kizingiti.

Skrini huwa haramu kwa njia tatu. Ya kwanza ni mwekaji kuwa katika mwendo mgusano unapotokea. Ya pili ni kutoacha nafasi ya kutosha anapoiweka nje ya upeo wa macho ya mlinzi aliyesimama. Ya tatu ni kutozingatia muda na umbali dhidi ya mlinzi aliye katika mwendo. Sheria haimlazimishi mwekaji skrini kumwonya mlinzi, wala haiwalazimishi walinzi wenzake kupiga kelele za tahadhari. Timu isiyozungumza uwanjani itaumia kwa skrini halali, na mwamuzi hana la kuwasaidia.

Kabla ya mchezo

Mamlaka ya waamuzi huanza wanapofika uwanjani, dakika 20 kabla ya wakati uliopangwa wa mchezo kuanza. Kikao chao kinapaswa kuwa kimekwisha kabla ya hapo, na ndani yake skrini zitajwe waziwazi. Mnachopaswa kukubaliana ni nani anatazama nini. Waamuzi wanapokuwa wawili, yule wa nyuma hufuata mpira na yule wa mbele husimama karibu na mstari wa mwisho akitazama wachezaji wasio na mpira. Hatari kubwa ya mfumo huo ni macho yote manne kuufuata mpira kwa wakati mmoja, huku skrini upande wa pili zikiwekwa bila shahidi. Waamuzi watatu hufanya kazi iwe nyepesi, kwa sababu mwamuzi wa kati, aliye upande wa pili wa uwanja karibu na usawa wa mstari wa mitupo huru, ana nafasi nzuri ya kuziona skrini za upande usio na mpira.

Tumieni pia muda wa wachezaji kupasha misuli. Timu huonyesha tabia zake hata katika mazoezi mepesi: nani mrefu anayeweka skrini, nani mrushaji anayezitumia, na kama wanapenda kuziweka mbili mfululizo kwa mlinzi mmoja.

Jambo la mwisho la kikao ni kiwango. Skrini haramu ya kwanza iliyo wazi iamuliwe mapema, ikiwezekana katika robo ya kwanza, kwa sababu wachezaji hujifunza mipaka ya siku hiyo kutokana na filimbi ya kwanza. Mwamuzi anayeziachilia robo tatu nzima kisha akaamua moja katika dakika ya mwisho atakuwa sahihi kisheria, lakini hatasadikiwa na mtu yeyote.

Hatua ya kwanza: simama mahali unapoona nafasi kati ya wachezaji

Mgusano hauonekani vizuri mwamuzi anapokuwa nyuma ya mgongo wa mmoja wa wahusika, kwa kuwa miili miwili iliyopangana mstari mmoja na macho yake huonekana kama mwili mmoja. Anachotakiwa kukiona ni hewa iliyo kati ya mwekaji skrini na mlinzi, na kwa kawaida hatua moja au mbili za kujisogeza pembeni humfungulia pembe hiyo. Ni afadhali kuwa mbali kidogo ukiwa na pembe iliyo wazi kuliko kuwa karibu huku umezibwa.

Katika viwanja vya saruji vya mitaani na vya shule, ambako watazamaji husimama juu kabisa ya mstari wa pembeni, mwamuzi huminywa akakosa mahali pa kusogea. Aombe nafasi hiyo isafishwe kabla mpira haujarushwa. Kuomba baada ya mzozo huonekana kama kutafuta kisingizio.

Hatua ya pili: mtafute mwekaji skrini kabla hajafika

Skrini hutangazwa mapema na wanaoiandaa. Mchezaji mrefu huacha kutazama kikapu, hugeuka na kukimbia kuelekea kwa mlinzi badala ya kuelekea kwenye mpira. Mara nyingi huinua ngumi au kukunja mikono kifuani wakati bado anakwenda. Mdundaji naye hupunguza kasi na kusubiri. Mwamuzi wa eneo hilo anapoziona dalili hizo anapaswa kuyahamisha macho yake kutoka kwa mdundaji na kuyaweka kwa mwekaji skrini, akianzia miguuni.

Hili ndilo jambo gumu zaidi kulizoea, kwani macho ya binadamu hufuata mpira. Anayetazama mpira atamwona mdundaji akipita vizuri na mlinzi akiserereka nyuma, na atalazimika kukisia kilichotokea katikati. Anayetazama miguu ya mwekaji skrini atakuwa na jibu tayari kabla mlinzi hajafika.

Hatua ya tatu: pima umbali kulingana na hali ya mlinzi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe unapofanyika, na hali ni tatu.

Mlinzi akiwa amesimama na skrini ikawekwa mbele yake au ubavuni mwake, yaani ndani ya upeo wa macho yake, mwekaji ana ruhusa ya kusogea karibu kadiri apendavyo mradi asimguse. Hata sentimita chache zinatosha. Mlinzi ameona, au alikuwa na uwezo wa kuona, na sheria haitofautishi hayo mawili. Mlinzi aliyekuwa ameinamisha kichwa, au aliyekuwa akimtazama kocha wake, bado anahesabiwa kuwa na skrini ndani ya upeo wake.

Mlinzi akiwa amesimama lakini skrini ikawekwa nje ya upeo wa macho yake, kwa kawaida mgongoni, mwekaji lazima amwachie nafasi ya kupiga hatua moja ya kawaida kuielekea skrini kabla ya kugusana. Sheria haitaji mita, kwa kuwa hatua ya kawaida ya msichana wa kidato cha kwanza na ya mchezaji wa Ulinzi Warriors si sawa. Kipimo ni mwili wa mlinzi mwenyewe. Jiulize hivi: kama mlinzi angegeuka na kupiga hatua yake moja ya kawaida, angemaliza hatua hiyo au angegonga mtu kabla mguu haujatua? Akigonga kabla haujatua, faulo ni ya mwekaji skrini hata kama alisimama kama nguzo. Makocha wengi hukasirishwa na uamuzi huu, kwa kuwa wameshika sharti la kutulia na kulisahau sharti la nafasi.

Hali ya tatu ni ya mlinzi aliye katika mwendo, na ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Hapa muda na umbali huhesabiwa pamoja. Mwekaji skrini anatakiwa aache nafasi ambayo itamwezesha mlinzi kuikwepa skrini kwa kusimama au kwa kubadili mwelekeo, na nafasi hiyo haipungui hatua moja ya kawaida wala haizidi mbili. Kasi ndiyo inayoamua kati ya moja na mbili. Mlinzi anayetembea kwa kuserereka pembeni anatosheka na hatua moja. Mlinzi anayekimbia kwa nguvu zake zote, kama inavyotokea wakati wa kurudi kulinda baada ya kupoteza mpira, anahitaji mbili. Lakini zikishatolewa hizo mbili, hadai zaidi. Akikimbia huku ameelekeza uso nyuma akitafuta mpira, akamgonga mwekaji aliyesimama mapema, mgongano huo ni mzigo wake hata ukiwaangusha wote wawili. Mwamuzi asipulize filimbi kwa huruma. Kama mlinzi ameumia, kuna taratibu za kusimamisha mchezo kwa ajili ya majeruhi, na taratibu hizo hazihitaji kubuni faulo.

Kosa la kawaida katika hali hii ya tatu ni la mwekaji anayefika akiwa amechelewa. Mlinzi yuko hatua moja mbali na anakuja kwa kasi. Mwekaji anajitupa mbele yake, anatua kwa miguu miwili, na sekunde hiyohiyo wanagongana. Katika picha ya mgongano pekee mwekaji anaonekana ametulia na nyayo ziko chini. Aliyeanza kutazama mapema ndiye anayejua kwamba nafasi haikutolewa.

Hatua ya nne: kagua miguu, nyonga na viwiko wakati wa mgusano

Umbali ukiwa sawa, uhalali bado unaweza kupotea katika kufumba na kufumbua. Mlinzi mwerevu hubadili njia dakika ya mwisho ili apite pembeni mwa skrini, na mwekaji, akiona anapitwa, husogeza mguu nusu hatua, husukuma nyonga nje, au huegemeza bega. Mwendo huo wa pili ndio chanzo cha skrini nyingi haramu, na huwaponyoka waamuzi waliokwisha kuridhika kwamba mchezaji amesimama. Usiondoe macho yako mpaka mlinzi awe amepita kabisa.

Kuhusu mikono, mchezaji anaweza kuikunja kifuani au kuishusha mbele ya mwili wake ili kujikinga, na wanawake kwa wanaume hufanya hivyo bila kosa lolote. Faulo huanza pale mikono inaponyooshwa kumsukuma mlinzi anapofika, viwiko vinapotokeza pembeni kuongeza upana, au kiganja kinaposhika kiuno cha mlinzi asiweze kupita. Goti lililotolewa nje ya mstari wa mwili linahesabiwa vivyo hivyo, na ni la hatari zaidi, kwa sababu mlinzi hukutana nalo kwa paja au goti lake mwenyewe.

Kutulia hakumaanishi kuganda. Mwekaji anayekunja mikono, anayejikaza misuli kupokea mgongano, au anayegeuza shingo kumtazama mwenzake hajavunja sheria, kwa kuwa yote hayo yamefanyika ndani ya silinda yake.

Hatua ya tano: uliza kama mgusano uliwaathiri wachezaji

Sheria za FIBA zinawataka waamuzi wazingatie kama mgusano umempa mmoja faida isiyo halali au kumweka mwingine katika hali mbaya, na wasisimamishe mchezo kwa kila mguso. Skrini inaweza kuwa na dosari lakini isiathiri chochote: mwekaji amesogea kidogo, bega limegusa bega, mlinzi ameendelea na bado yuko mbele ya mtu wake. Hiyo iachwe, na katika mpira uliokufa unaofuata, yaani mchezo unaposimama, mwamuzi anaweza kumwambia mchezaji kwa sauti ya chini, "Kaka, tulia mapema," au "Dada, nyonga." Neno fupi la namna hiyo huzuia faulo nyingi kuliko filimbi.

Kanuni hiyo isitumiwe kama kichaka cha kujificha. Mlinzi akicheleweshwa kiasi cha kumwachia mrushaji nafasi ya wazi, au mdundaji njia ya wazi ya kwenda kikapuni, faida imepatikana na filimbi inastahili, hata kama mgusano ulikuwa mwepesi. Mguso hatari, kama wa kiwiko kichwani au goti pajani, hauhitaji swali la faida. Huamuliwa mara moja, na ukiwa mkali kupita kiasi ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, ambayo adhabu yake ni mitupo huru miwili na mpira kwa timu iliyotendewa.

Hatua ya sita: filimbi, ishara na adhabu

Puliza mara moja, kwa nguvu, na inua ngumi iliyofumbwa kusimamisha saa. Ishara ya skrini haramu ni mikono yote miwili kiunoni, ambayo pia ndiyo ishara ya faulo ya kuzuia kwa mlinzi. Kwa kuwa faulo imefanywa na timu iliyo na mpira, elekeza ngumi iliyofumbwa upande wa kikapu cha timu iliyokosea. Mezani toa namba ya mchezaji kwanza, kisha aina ya faulo, kisha mwelekeo wa mchezo, bila haraka, kwa sababu mwandishi wa meza huandika kile tu alichokiona mikononi mwako.

Adhabu huchanganya watu wengi. Skrini haramu ya timu yenye mpira ni faulo binafsi. Inaandikwa kwa mchezaji, ambaye akifikisha tano hutoka, na inaongezwa katika hesabu ya faulo za timu za robo hiyo. Hata hivyo haizai mitupo huru, hata kama timu imekwisha kufanya faulo nne, bali wapinzani hupewa mpira wa kurusha kutoka nje karibu na mahali pa faulo, isipokuwa nyuma kabisa ya ubao. Timu inayopokea mpira katika nusu yake ya nyuma, yaani ile inayoilinda, hupata sekunde 24 kamili za kushambulia. Kama skrini haramu ilitokea wakati washambuliaji bado wanatoka nyuma, wapinzani wanapewa mpira katika nusu yao ya mbele na saa huwekwa 14.

Mlinzi akimsukuma mwekaji aliyesimama kihalali, faulo ni ya mlinzi. Timu yake ikiwa imekwisha kufanya faulo nne katika robo hiyo, mwekaji skrini mwenyewe ndiye anayekwenda kwenye mstari kurusha mitupo huru miwili, hata kama mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja.

Limebaki suala la kikapu kinachofungwa sambamba na filimbi. Mwamuzi aliyeamua faulo lazima ajue kama mpira ulikuwa umekwisha kuondoka mkononi mwa mrushaji. Kama bado, mpira umekufa na kikapu hakihesabiwi. Kama ulikuwa umeondoka, kikapu kinahesabiwa ukiingia, na faulo inashughulikiwa baadaye. Wakati huo timu iliyorusha haihesabiwi tena kuwa na mpira, kwa hiyo faulo za timu zikiwa zimetimia wapinzani hupata mitupo huru. Waulize wenzako kabla ya kwenda mezani, kwa sababu mwenye macho kwenye mpira ndiye aliyeona kuondoka kwake.

Matukio yanayosumbua

Katika pasi ya mkono kwa mkono, mchezaji mrefu hudunda mpira kumwelekea mwenzake, humkabidhi, na palepale hugeuka kuwa mwekaji skrini dhidi ya mlinzi anayekimbilia. Tangu mpira unapotoka mikononi mwake anawajibika kwa masharti yote ya skrini. Wengi huendelea kutembea hatua moja baada ya kukabidhi, wakimbeba mlinzi kwa bega. Hiyo ni faulo.

Skrini mbili mfululizo humtega mwamuzi pia. Ya kwanza huwa safi na huvuta macho, na ya pili huwekwa na mchezaji aliyechelewa ambaye bado anajipanga mlinzi anapomfikia. Ukishaiona ya kwanza ni halali, iache upesi na uende kwenye ya pili.

Mdundaji anapoondoka kabla mwenzake hajatulia, faulo humwangukia mwekaji ingawa mwenye pupa ni mdundaji. Hapa sina huruma na makocha wanaolalamika. Dawa iko mazoezini kwao: mdundaji asubiri mpaka aone nyayo zimetua, kisha ampeleke mlinzi wake kwenye skrini badala ya kutarajia skrini imfuate mlinzi.

Baada ya skrini halali, mwekaji ana haki ya kugeuka na kukata kuelekea kikapuni. Anachokatazwa ni kugeuka kwa namna ya kumfungia mlinzi kwa mgongo na mikono, akimsukuma hatua kadhaa huku akijifanya anatafuta pasi. Mlinzi naye hana ruhusa ya kumshika jezi asiondoke. Yote mawili hutokea ndani ya sekunde moja, na kinachotakiwa ni kutambua lililotangulia.

Wapo pia walinzi wanaoanguka kabla ya kuguswa ili kuiuza skrini kwa mwamuzi. Kuigiza kutendewa faulo kuna utaratibu wake, unaoanza kwa onyo na ukirudiwa huleta faulo ya kiufundi, yenye adhabu ya mtupo huru mmoja.

Kuwajibu makocha

Kocha akiuliza, jibu kwa kile ulichokiona na si kwa hukumu: "Kocha, alisogeza mguu wa kulia mlinzi alipofika," au "Kocha, alikuwa mgongoni kwake na hakuacha hatua." Jibu linalotaja kiungo na mwendo humaliza mazungumzo, ilhali jibu la "ilikuwa skrini haramu" huyaanzisha upya. Kama hukuiona, usibuni.

Jinsi ya kujizoeza

Mazoezi bora hayahitaji filimbi. Hudhuria mchezo wowote wa mwisho wa juma, Nyayo au katika uwanja wa chuo, keti usawa wa mstari wa mwisho, na kwa robo nzima usiutazame mpira hata mara moja. Mchague mchezaji mmoja mrefu, na kila anapokwenda kuweka skrini jisemee kimya hali ya mlinzi: amesimama na anaona, amesimama na haoni, au yuko katika mwendo. Taja hali hiyo kabla hawajagusana. Ukizidiwa, yaani mgongano ukatokea kabla hujataja, ujue bado unachelewa kuyahamisha macho.

Robo inayofuata, ongeza swali la pili, la nafasi: hakuna, hatua moja, au mbili. Swali la tatu, la mwendo wa nyonga na mguu baada ya mguso wa kwanza, lingoje mpaka mawili hayo yawe yanajijibu yenyewe. Mwenye simu anaweza kumrekodi mchezaji huyohuyo kwa pembe hiyohiyo, akalinganisha majibu yake ya papo kwa papo na picha iliyopunguzwa kasi. Alinganishe hasa zile skrini alizoziita halali, kwa maana ndizo ambazo mwendo wa pili hujificha ndani yake.